Mlezi Aliyelaza Watoto Chali

Dada yetu mkubwa, tunayemsindikiza leo, alizaliwa alfajiri ya Jumatano, tarehe 9 Machi 1960, katika nyumba ya tatu nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi mitambo na mshona nguo. Kwa miaka minne alikuwa peke yake. Mapaja ya mama yalikuwa yake, kiti cha mbele cha baiskeli ya baba kilikuwa chake, na hata paka wa jirani alijua kwamba mlango ule una mwenyewe. Ndipo akazaliwa mdogo wake wa kwanza. Mama alitusimulia hadi uzeeni jinsi alivyotoka jikoni siku moja akakuta beseni la kuogea limeburutwa kutoka chumbani hadi kizingitini, mtoto mchanga yumo ndani amelala fofofo, na dada yetu amesimama pembeni anahema.

“Unampeleka wapi mwenzio?” mama alimuuliza.

“Arudi kwao.”

Mdogo huyo yupo hapa leo, ana mvi, na amekubali kisa hiki kisomwe. Tumeanza nacho kwa sababu anayetaka kumwelewa dada yetu lazima aanzie pale kizingitini. Alipenda kwa mikono miwili, na mikono ile ikishakamata, kuifungua ilikuwa kazi. Alikuwa na wivu. Alilijua hilo, sote tulilijua, na alituagiza tusilifiche leo. “Mkinisifu sana,” alisema, “watu watadhani wameingia kwenye msiba wa mtu mwingine.”

Alianza shule ya msingi ya watoto wa wafanyakazi wa reli mwaka 1967, kisha akasoma sekondari ya bweni ya wasichana, akamaliza mwaka 1977. Huko alikuwa wa pili darasani muhula baada ya muhula, nyuma ya msichana yule yule, binti wa muuza dawa, aliyekuwa na mwandiko uliolala upande kama nyasi zilizopitiwa na upepo. Dada aliuiga mwandiko ule kimya kimya hadi walimu wakashindwa kutofautisha madaftari yao. Nafasi ya kwanza hakuipata. Mwandiko alibaki nao maisha yake yote, na kila aliyewahi kupokea kadi yake ya pongezi ameuona wivu ule, umekuwa mzuri kwa kukaa muda mrefu.

Februari 1983 aliajiriwa kuwa mlezi katika kituo cha kulelea watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Kituo kilikuwa ndani ya ukuta wa kiwanda, vyumba viwili vikitazamana kwenye ukumbi mwembamba, na mtikisiko wa mitambo ya kufuma ulipanda kupitia sakafuni hadi kwenye miguu ya vitanda. Watoto wa pale walilala mitambo ikiunguruma na kuamka ikizimwa. Siku hizo mlezi alitakiwa awe na mikono safi na subira. Hakuna aliyemuuliza mtu cheti. Dada alifundishwa kazi na wanawake waliomtangulia, nao walimfundisha kama walivyolelewa wenyewe: mtoto mlaze kifudifudi, mpigepige mgongoni kwa kufuata mapigo ya mitambo, atalala. Na kweli walilala.

Mwaka wa pili wa kazi alikuja fundi wa kuchomelea vyuma kurekebisha bawaba ya geti la kituo. Alirudi wiki iliyofuata kwa bawaba ile ile, na iliyofuata tena, mpaka msimamizi akauliza kama geti lile lilikuwa la dhahabu. Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1984. Ilikuwa ndoa yenye kicheko kingi na nyumba yenye ukimya mwingi, kwa maana miaka ilipita bila mtoto. Kila jioni dada alirudi nyumbani na harufu ya watoto wa watu kwenye gauni lake. Shemeji yetu anasema alikuwa akilivua na kulikunja taratibu, halipeleki kwenye nguo chafu mpaka asubuhi.

Mwaka 1991 kituo kiliajiri msichana mdogo, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Dada ndiye aliyemfundisha kukunja nepi, kupima joto la maziwa kwa kiwiko, kumbeba mtoto mmoja na kumtuliza mwingine kwa mguu. Msichana huyo ndiye mnayemjua nyote kwa jina la Anti Pazia. Jina hilo alipewa na dada yetu, na halikuwa jina la mapenzi.

Januari 1994 ilitoka kanuni mpya. Kila mlezi wa watoto alitakiwa apate leseni, na leseni haikupatikana bila mafunzo: huduma ya kwanza, usafi, ukuaji wa mtoto, kinga ya ajali, na somo zima juu ya usingizi salama, maana mtoto mchanga akilala kifudifudi huweza kukosa pumzi. Asiye na leseni angeruhusiwa kusaidia katika chumba cha wanaotembea, lakini asingeachiwa watoto wachanga. Walezi wote wa kituo walisoma Jumamosi katika ukumbi wa hospitali, na Novemba wakafanya mtihani wa vitendo. Wakati huo dada yetu alikuwa na ujauzito wa miezi mitano, baada ya miaka kumi ya kungoja.

Mtahini alikuwa mkunga mwenye saa iliyobandikwa kifuani. Alimpa dada mwanasesere wa plastiki na kumwambia amlaze. Dada alikuwa amelisikia somo, hata alikuwa ameliandika kwa mwandiko wake mzuri. Lakini mikono ilikuwa na elimu yake ya zamani. Alimlaza mwanasesere kifudifudi, akamfunika, akaanza kumpigapiga mgongoni.

“Mlaze upya,” mkunga alisema kwa upole.

Dada alidhani kosa ni blanketi. Alimlaza tena kifudifudi, safari hii blanketi limekunjwa vizuri zaidi.

Alifeli. Anti Pazia, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, alimchukua mwanasesere yule yule akamlaza chali, bila mto, miguu ikigusa mwisho wa kitanda, akasogea nyuma na kufunga mikono. Alipata leseni ya kwanza ya kituo, na picha yake ikatundikwa ukumbini. “Mimi nimemfundisha kukunja nepi,” dada alimwambia shemeji yetu, “leo ananifundisha kulaza mtoto.” Mtihani mwingine ulikuwa mwaka mmoja mbele.

Binti yao wa pekee alizaliwa tarehe 14 Machi 1995. Likizo ya uzazi ilipokwisha, dada alimbeba akarudi naye kazini, na hapo ndipo uzito wa kosa lile ulipomwangukia. Nyumbani alikuwa mama, na hakuna aliyemdai karatasi. Kituoni, mlango wa watoto wachanga ulimtaka leseni. Alimkabidhi mwanawe mlangoni kwa mwenye leseni, akavuka ukumbi kwenda kuwapangusa kamasi watoto wa wenzake.

Mlango ule ulikuwa na kioo sehemu ya juu. Kila alipopata nafasi, dada alikwenda kuchungulia. Siku chache baadaye Anti Pazia alitundika kitambaa cha buluu upande wa ndani wa kioo, na kila dada alipotokea, mkono mwembamba ulionekana ukikivuta.

“Unanifungia mtoto wangu?” dada alimuuliza saa ya kunyonyesha.

“Akikuona analia, dada.”

“Hilo ni juu yangu na yeye.”

“Ni juu ya chumba kizima. Wakianza kulia kumi na wawili utakuja kuwabembeleza wewe?”

Basi dada alinyonyesha kwenye benchi la ukumbini, mgongo wake ameupa mlango. Mwezi Septemba, akimpokea mtoto, Anti Pazia alimwambia, “Ameota jino.”

“Najua,” dada alijibu.

Hakuwa anajua. Jioni alimfungua mtoto mdomo mbele ya taa, akapapasa ufizi kwa kidole mpaka akalipata, kisha akamwita mumewe kwa furaha, kana kwamba ndiyo kwanza limegunduliwa duniani. Shemeji yetu alifurahi naye. Ukweli aliujua miaka mingi baadaye.

Mwaka ule dada alijizoeza kama askari. Alikunja taulo likawa mtoto, akalilaza chali kwenye kiti, mezani, kitandani, asubuhi kabla ya kazi na jioni akingoja chungu kichemke. “Taulo hili,” shemeji alilalamika, “limepata malezi kuliko mimi.” Novemba alifaulu, na leseni yake ikatolewa Machi 1996. Wiki hiyo hiyo binti yake alitimiza mwaka mmoja, akaanza kutembea, na kwa taratibu za kituo akahamishwa. Dada akaingia chumba cha watoto wachanga kwa mlango wa mbele, leseni mkononi, na mwanawe akatoka kwenda chumba cha pili. Jambo moja dada alikuwa amelisahau: pale mlezi alikuwa akipanda na watoto wake, ili wasizoee mikono mipya kila mwaka. Anti Pazia alipanda pamoja nao. Alivuka ukumbi amemshika binti yetu kidole, na kitambaa chake cha buluu amekiweka begani.

Kuanzia siku hiyo kazi ya dada yetu iliendeshwa na wivu jinsi gari linavyoendeshwa na mafuta. Leseni ilitakiwa kuhuishwa kila mwaka kwa mafunzo ya ziada. Anti Pazia akienda kozi ya kuzima moto, dada alikwenda ya moto na ya mzio wa chakula. Anti Pazia akisoma dalili za mtoto anayeteswa nyumbani, dada alisoma hizo na namna ya kuzungumza na wazazi. Majina ya waliohudhuria yaliposomwa, aliitikia la kwake kisha akakaa akisikiliza lile la pili. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2003 walihamia kituo cha halmashauri, wote wawili, vyumba vikitazamana vilevile. Na kwa kufukuzana hivyo dada alijikuta mbali. Mwaka 2006 aliteuliwa kuwa mkufunzi wa walezi wapya, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2019.

Waliopita mikononi mwake wamejaa hapa leo. Mnajua alivyoanza kila somo. Alimshika mwanasesere miguu akamning’iniza, akauliza, “Analala vipi huyu?” Nanyi mliitikia, “Chali.” Mto? Hakuna. Godoro? Gumu. Mgongoni, alisema, mpigepigeni akiwa macho, akilala mwacheni apumue. Halafu aliwasimulia jinsi alivyofeli, blanketi na vyote, na alisubiri mcheke hadi mmalize. Sehemu iliyofuata, ya kioo na kitambaa, hakuisimulia darasani.

Binti yake alikua akiwa na watu wawili wa kumkimbilia. Akiumia alimkimbilia mama. Akikosea alikwenda kwa Anti Pazia. Dada aliona mgawo huo haukuwa wa haki, kwa sababu watoto hukosea mara nyingi kuliko wanavyoumia. Mwaka 2017 binti aliamua naye kusomea ulezi, na furaha iliyokuwa ndani ya nyumba ile ilidumu mpaka alipotakiwa kuchagua mlezi mzoefu wa kumsimamia katika mafunzo kwa vitendo.

“Walezi wa mji mzima nimewafundisha mimi,” dada alisema, “na wewe umeenda kumchagua yule.”

“Mama, wewe huruhusiwi kunisimamia. Kanuni unaifundisha mwenyewe.”

“Sijasema mimi. Nimesema wapo wengine.”

“Wapo. Lakini yeye nikiguna tu anajua nimechoka.”

Shemeji yetu, aliyekuwa akinyoosha waya mlangoni, aliingilia. “Mke wangu, ungekuwa unanionea mimi wivu kiasi hicho, ningenenepa.”

“Wewe nani atakuiba?” dada alimjibu, na hakucheka.

Binti alifanya mafunzo yake katika chumba cha Anti Pazia. Dada, aliyekuwa na haki ya kukagua chumba chochote wakati wowote, hakukanyaga pale hata mara moja. Alipita ukumbini akitazama mbele, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mdai. Sherehe ya kuhitimu ilipofanyika walikaa viti viwili vilivyofuatana, kwa kuwa vingine vilijaa, na katika picha ile kila mmoja ameweka mkono kwenye bega la binti, bega lake.

Mwaka 2021 miguu ya dada ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Madaktari walisema moyo umepanuka. Ndugu mmoja alimtania kwamba ulikuwa na vitu vingi vya kubana ndani, dada akacheka, na kicheko kikamkatisha pumzi. Ugonjwa huo ulimnyang’anya kitu kimoja ambacho walezi wenzake mtakielewa: hakuweza tena kulala chali. Akilala hivyo pumzi ilimwisha. Mwanamke aliyeondoa mito kwenye vitanda vya watoto mji mzima alilala ameketi, akiegemea mito minne. “Mkaguzi akiingia sasa hivi,” alisema, “naifunga leseni na kumkabidhi.”

Mwezi Agosti mwaka huu alilazwa. Binti yake alikuwa naye mchana na mumewe jioni. Alasiri alikuja Anti Pazia, ambaye hakualikwa, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha na kufuma. Kwa siku kadhaa hawakuzungumza zaidi ya salamu. Siku moja jua la alasiri lilimpiga dada usoni, na Anti Pazia akainuka kwenda kuvuta pazia la wodi.

“Acha,” dada alisema.

“Jua linakuchoma.”

“Acha linichome. Ulivuta lile, linatosha.”

Anti Pazia alibaki amesimama, pazia mkononi. Binti yetu, aliyekuwa akimmenyea mama chungwa, anasema aliacha kumenya.

“Unajua kwa nini nilikuwa nalivuta?” Anti Pazia aliuliza.

“Mtoto alikuwa analia akiniona. Si uliniambia mwenyewe?”

“Hakuwa analia.”

Dada aligeuza kichwa kwenye mito yake.

“Alikuwa akikuona kwenye kioo anaitema chupa,” Anti Pazia alisema. “Anageuka mzima mzima. Mimi niliyembeba tangu asubuhi ananisahau kama nimetoka chumbani. Nikishavuta, anabaki anapaangalia pale ulipokuwa, muda mrefu, halafu ndiyo ananirudia. Nilikuwa naona wivu, dada. Mimi hakuna mtoto aliyewahi kunigeukia vile.”

“Kwa hiyo muda wote ule alikuwa ananitafuta mimi.”

“Muda wote.”

“Na hukuniambia.”

“Ningekuambia,” Anti Pazia alisema, “mimi ningebaki na nini?”

Dada yetu alimtazama mpaka binti akadhani amezidiwa. Kisha akaanza kucheka, kicheko kile cha zamani, kilichomkatisha pumzi hadi muuguzi akaja kumwinua. Alipotulia alimwambia binti yake, “Mtakapoandika niliowaacha, mwandikeni na huyu.”

“Wapi, mama?”

“Mwisho. Baada ya shemeji zangu wote, na paka. Lakini mwandikeni.” Halafu akamgeukia mwenzake. “Sasa vuta hilo pazia. Si unaona jua linanichoma?”

Dada yetu alifariki dunia Alhamisi, tarehe 12 Septemba 2024, mchana, akiwa ameketi kwenye mito yake, mkono mmoja umeshikwa na mumewe na wa pili na binti yake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne.

Ameacha mume, fundi ambaye geti lake bado halijaanguka. Ameacha binti, mlezi mwenye leseni, pamoja na mkwe, na mjukuu wa kiume wa miezi saba anayelala chali. Ameacha wadogo zake watatu, akiwemo yule wa kwenye beseni, ambaye hatimaye alikubaliwa kubaki. Ameacha mawifi, mashemeji, wapwa na walezi wengi aliowafundisha. Ameacha paka. Na mwisho kabisa, kwa agizo lake mwenyewe, ameacha Anti Pazia.

Juzi jeneza lilipoletwa lilikuwa na mto mdogo wa satini, kama yalivyo majeneza yote. Kabla dada hajalazwa, Anti Pazia alisogea akautoa, bila kumwomba mtu ruhusa. Muuza majeneza alishangaa. “Angenifelisha,” Anti Pazia alimwambia, akamkabidhi binti yetu mto ule aushike. Kisha wote wawili, mmoja kichwani na mwingine miguuni, wakamlaza.

Amelala chali, bila mto, pumzi haimsumbui tena. Na apumzike hivyo, kwa amani.